Kwa mpimaji, usijibu "nzuri"

Mswahili akiulizwa habari hujibu nzuri. Hata kama jana alikuwa makaburini, ataanza na nzuri, ndipo aongeze, "ila tumefiwa." Ni adabu na sina ugomvi nayo. Lakini wapo ndugu zetu waliovaa magwanda ya Marekani, wengine wakipokelewa kwa sababu ya Kiswahili chenyewe, kupitia mpango wa MAVNI ulioanza 2009. Waliorudi na kile kiwewe kinachoitwa PTSD, adabu hiyo inawagharimu pesa.

Mtu akiniambia ameomba VA, idara ya Marekani ya maveterani, imwongezee asilimia ya ulemavu inayopanga fidia yake, na amekataliwa, namuuliza kwanza: mpimaji wa afya waliyekupeleka kwake alipokuuliza hali, ulimjibuje? "Nilimwambia tunamshukuru Mungu, tunasukuma siku." Basi hapo tena. Mpimaji ataandika kwamba anaendelea vizuri, na ofisa anayepanga asilimia kwa kawaida hakuoni usoni. Anasoma karatasi.

Asilimia zenyewe ni 0, 10, 30, 50, 70 na 100. Hakuna 40 wala 60 kwa ugonjwa wa akili. Na hapimi ulichokiona vitani. Hilo lilikwisha siku walipokubali kwamba ugonjwa umetokana na jeshi. Anapima unavyokukwamisha leo, kazini na kwa watu wako. Kwenye 50 utakuta hofu ya ghafla inayokushika zaidi ya mara moja kwa wiki, kusahau, kushindwa kuelewana na watu. Kwenye 70 kuna mawazo ya kujiua, hasira zinazolipuka, mtu kuacha hata kuoga. Wengi huisoma orodha hiyo kama mtihani, wakikosa alama mbili wanajifelisha wenyewe. Mahakama ya rufaa za maveterani ilishasema mwaka 2002, katika kesi ya Mauerhan, kwamba dalili hizo ni mifano tu. Ila usishangilie mapema: mwaka 2013, katika kesi ya Vazquez-Claudio, mahakama ya juu yake ilishikilia kwamba dalili zako, ziwe zipi, lazima zilingane kwa uzito na asilimia unayoidai.

Sasa barua ya kukataliwa imefika. Tangu Februari 2019 kuna njia tatu za kuupinga uamuzi, na wenye hasira hukimbilia ile ya kuomba ofisa wa ngazi ya juu alitazame faili upya. Naelewa, sote tunapenda kusema "niitie mkubwa wako." Lakini njia hiyo haipokei ushahidi mpya. Kama faili linasema nzuri, mkubwa naye atasoma nzuri ile ile. Inafaa pale ambapo ushahidi ulikuwamo na wakaupita bila kuusoma. Kama haukuwamo, peleka dai la nyongeza lenye ushahidi mpya unaohusu jambo lenyewe. Njia ya tatu ni Bodi ya Rufaa, kwa jaji, unaweza hata kuomba kusikilizwa, ila jiandae kusubiri sana.

Ushahidi mpya mara nyingi umelala nyumbani kwako. Mkeo ndiye ajuaye kwa nini mnalala vyumba viwili: ukishtuka usingizini unarusha ngumi. Yeye ndiye anayekutolea udhuru harusini na msibani. Amelelewa kwamba ya ndani hayatolewi nje, hivyo hatayaandika mpaka umruhusu, na kusema kweli hapo ndipo penye kazi kubwa kuliko fomu zote. Akiandika, asiandike "mara nyingi." Aandike mara tatu kwa wiki, tangu mwezi fulani. Msimamizi wako wa kazi aeleze siku ulizotoka katikati ya zamu. Na kliniki nenda, hata kama unaogopa jirani atasema umekuwa chizi, maana ugonjwa usio na kumbukumbu za daktari ni vigumu kuuonyesha umezidi.

Sisemi uigize. Faili ukilifungua linaweza kusomwa pande zote, na asilimia zimewahi kushushwa. Sheria yenyewe iko upande wako kiasi cha kutosha: ushahidi wa pande mbili ukikaribiana uzito, mwanajeshi ndiye anayepewa. Wawakilishi wa vyama vya maveterani waliosajiliwa na VA husaidia bure, kwa hiyo nawashangaa wanaowapa "washauri" wa mtandaoni malimbikizo yao ya fidia.

Jambo la mwisho ni tarehe. Ukijibu ndani ya mwaka mmoja, kwa njia yoyote kati ya hizo tatu, ukishinda kwa kawaida utalipwa kwa kuhesabu tangu ombi lile lililokataliwa. Ukichelewa unaanza upya. Na mwaka huo unahesabiwa kuanzia tarehe iliyopigwa kwenye barua, si siku uliyopata moyo wa kuifungua.