Bega Lililoumizwa na Sindano: Nani Alipe?

Mtu anachomwa chanjo ya mafua kwenye duka la dawa Marekani. Siku mbili hazijaisha, mkono haunyanyuki. Kuchana nywele ni kazi, kulalia ubavu huo haiwezekani. Mara nyingi tatizo si dawa. Sindano imeingia juu mno, ikakosa msuli na kufika kwenye kifuko cha ute kinacholainisha kiungo cha bega.

Tangu 2017 jeraha hili limo katika jedwali, yaani orodha ya madhara yanayotambuliwa, la mpango wa taifa wa fidia za chanjo, ulioanzishwa kwa sheria ya 1986. Maumivu yakianza ndani ya saa 48, kwenye bega ambalo halikuwa na historia ya kuuma, na athari zikadumu zaidi ya miezi 6, mdai halazimiki kuthibitisha uzembe wa yeyote. Kwa maumivu pekee anaweza kupata hadi dola 250,000, mbali na matibabu na kipato kilichopotea.

Mwaka 2020 Wizara ya Afya ilipendekeza jeraha la bega liondolewe kwenye jedwali. Hoja yake ina uzito: mpango uliwekwa kwa madhara ya chanjo yenyewe, na hapa aliyekosea ni mchomaji. Mfuko wa mpango ukimlipia kila mara, nani atamsukuma ajifunze kulenga? Kanuni ilipitishwa Januari 2021, ikafutwa Aprili kabla haijaanza kutumika.

Nadhani kuifuta kulikuwa haki. Nje ya mpango, mgonjwa angelazimika kumshtaki muuguzi au mfamasia kwa uzembe na kutafuta daktari bingwa wa kumtolea ushahidi, kwa tukio la sekunde chache ambalo hakuna aliyepima sindano ilipoingia. Ndani ya mpango, hata akishindwa, wakili wake anaweza kulipwa, mradi dai lilikuwa la nia njema na lenye msingi. Wachomaji wafundishwe, tena kwa ukali, lakini gharama ya somo hilo isibebwe na mwenye bega.

Kinachoniuma zaidi ni chanjo ya UVIKO-19. Iliwekwa kwenye mpango mwingine kabisa: muda wa kudai ni mwaka 1 tangu kuchanjwa, badala ya miaka 3 tangu dalili ya kwanza, maumivu hayalipwi, wala wakili. Mfamasia anaweza kuwa yuleyule na kosa lilelile. Haki ya mgonjwa inaamuliwa na kichupa kilichotumika siku hiyo.