Wageni wa Usiku Katika Daftari la Babu

Kompyuta ya duka moja la steshenari hapa Tanga ilikuwa Pentium 4 yenye vibao viwili vya memori aina ya DDR, kila kimoja MB 256, na ilikuwa na desturi ya kugeuka skrini ya buluu pale hasa mteja alipobakiza aya moja ya barua yake ya kuomba kazi. Mama mwenye duka alikwisha kununulishwa memori ya mtumba na fundi aliyenitangulia, na ugonjwa haukupungua.

Niliichukua hadi kibandani kwangu, nikachomoa vibao, nikasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, kisha nikakipima kimoja kimoja kwa Memtest86+, programu ya kupimia memori. Programu hiyo haihitaji Windows: huamka yenyewe kutoka kwenye CD, hujaza memori sifuri na moja kwa mipangilio mbalimbali, halafu hurudi kusoma ilichoandika, na panapotokea tofauti huchapa mstari mwekundu wenye namba za mahali palipokosewa na za kosa lenyewe. Hapakutokea hata mmoja. Kompyuta iliyokufa kabisa ina nafuu, maana angalau haikubishii. Niliirudisha dukani, na kabla sijamaliza soda niliyokaribishwa, ikazima.

Basi ikabidi ipimwe palepale, usiku kucha. Nilimwomba Babu, mlinzi wa jengo, ambaye huketi ndani ya mlango wa duka hilo, aiangalie, na akiona mstari mwekundu aniandikie. Babu ni mtu wa taratibu. Kampuni yake ya ulinzi imemfundisha kwamba chochote kitakachojitokeza baada ya magharibi sharti kiingie katika daftari la wageni, naye hajawahi kukiuka.

Asubuhi alinikabidhi daftari kwa mikono miwili. Kurasa nne zilikuwa zimejaa mwandiko wake wa kulala upande mmoja. Mgeni wa kwanza, jina: 0001a3b3f20. Anakotoka: 419.7MB. Anayemwona: kompyuta. Namba ya simu: fffffffd, na pembeni ameongeza kwa kalamu nyekundu, “haipatikani”. Muda wa kuingia: saa 4:12 usiku.

“Wengine walikuja kwa makundi, mjukuu wangu,” alisema, “na hakuna aliyetoa salamu.”

Nilikuwa karibu kuangua kicheko, lakini macho yangu yakanasa kwenye safu ya muda. Saa 4:12, saa 4:37, saa 5:02, saa 5:26. Kila kundi liliingia baada ya takriban dakika ishirini na tano, na hakuna memori mbovu ninayoijua inayofuata ratiba. Isitoshe, wageni hawa walitoka sehemu tofauti kila mara, ilhali chipu iliyoharibika aghalabu hukosea mahali palepale.

“Babu, saa 4:12 kulitokea nini humu ndani?”

“Hakukutokea kitu. Friji tu ndiyo ilianza kuunguruma, kama kawaida yake.”

Friji ya barafu za ukwaju na kompyuta vilikuwa vinanyonya umeme katika ekstensheni moja. Nilipoifungua pawasaplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme, nilikuta kapasita zake, vile vikopo vidogo vinavyotuliza umeme, zimevimba vichwa. Kompresa ya friji, yaani mota yake, kila ilipoamka, umeme uliyumba, pawasaplai ikashindwa kuuhimili mtikisiko huo, na memori ikasoma moja mahali ilipoandika sifuri. Kule kwangu hapakuwa na friji, ndiyo maana ilitulia. Niliweka pawasaplai nyingine na kuomba friji ihamishiwe soketi ya peke yake, jambo ambalo mama alilikataa katakata, kwa kuwa barafu zinauzika kuliko fotokopi. Kompyuta ndiyo iliyohama. Usiku uliofuata upimaji ulikwisha bila mstari wowote, na Babu akaandika, kwa masikitiko kidogo, “Hakuna mgeni”.

Siku mbili tatu baadaye alinipigia simu, akaniomba nifike upesi. Msimamizi wake alikuwa amekuja kukagua daftari, na alikuwa amesimama mlangoni akidai kuelezwa walipo watu wote wale walioingia dukani usiku ule, kwani safu ya muda wa kutoka ilikuwa tupu. Maelezo yangu kuhusu kompresa na kapasita aliyasikiliza kwa adabu kubwa, kisha akanipa kalamu. Nikavuta stuli, nikaanza na 0001a3b3f20: ametoka saa 12:00 asubuhi, sahihi yangu kwa niaba yake.