Bei ya santuri zetu Ulaya, na neno langu kwa wenye makasha nyumbani

Tarehe 27 Aprili, siku ya mfalme wa Uholanzi, mtu yeyote anaruhusiwa kutandika bidhaa kando ya barabara bila kibali. Watu hutoa vitu vya ndani: vikombe, viatu vya watoto, baiskeli, na santuri. Siku hiyo LP, yaani santuri kubwa ya albamu nzima, ya Herb Alpert, James Last au Nana Mouskouri unaichukua kwa euro moja, na ikifika jioni mwenye mali amechoka, unaweza kupewa kasha zima bure. Katika nchi hiyohiyo, mjini Utrecht ninakoishi, kwa miaka mingi kumbi za Jaarbeurs zilijaa mara mbili kwa mwaka mamia ya wauza santuri kutoka nchi nyingi, na pale ungemwona mtu mzima akihesabu noti, euro mia tatu, mia nne, kwa sahani moja ndogo ya santuri yenye nyimbo mbili tu.

Bei hizi mbili zinanigusa kwa sababu santuri za Afrika Mashariki nazo ziko sokoni humo. Na habari zake zikifika nyumbani, huwa zimepungua njiani: "Wazungu wananunua santuri za zamani kwa mamilioni." Anayesikia hivyo hudhani kwamba wimbo uliopendwa zaidi ndio sahani yake ghali zaidi. Ukweli uko karibu kinyume kabisa. Mkusanyaji halipii wimbo, maana wimbo anao tayari kwenye simu yake. Analipia sahani yenyewe, na sahani hupandishwa bei na mambo mawili: zimebaki ngapi duniani, na hii iliyo mkononi ina hali gani.

Wanaoijua biashara hii watakutajia Frank Wilson. Mwaka 1965 aliimba wimbo kwa ajili ya lebo ya Soul, iliyokuwa chini ya kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit, Marekani. Nakala za majaribio zilifyatuliwa, kisha mpango wa kuitoa ukafutwa na sahani karibu zote zikaharibiwa. Miaka ikapita, wacheza dansi wa kaskazini mwa Uingereza wakauokota wimbo ule na kuupenda sana, na mwaka 2009 nakala moja iliuzwa kwa zaidi ya pauni 25,000. Wimbo wenyewe unasikika leo bila kulipa senti. Au chukua ile albamu ya Beatles yenye jalada jeupe, ambayo nakala zake za kwanza zilipigwa namba. Iliyokuwa na namba 0000001 ilikuwa ya Ringo Starr, na Desemba 2015 ilinunuliwa mnadani kwa dola 790,000. Nyimbo zilizomo ni zilezile zilizomo kwenye nakala ya mtu wa kawaida. Kilicholipiwa ni ile namba, na mikono iliyoishika.

Sasa njoo kwetu. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, huenda ndiye mpiga gitaa aliyependwa kuliko wote Tanzania. LP zake za mfululizo wa Ukumbusho, zilizotolewa na PolyGram ya Kenya, Ulaya nimezoea kuziona kwa makumi ya euro tu. Kwa nini? Kwa sababu zilifyatuliwa kwa wingi na watu wakazinunua kwa wingi. Sina Makosa ya Les Wanyika, ambayo hakuna harusi ya pwani ya rika langu iliyoisha bila kupigwa, nayo haifilisi mtu. Lakini Sunburst, vijana wa Dar es Salaam waliochanganya midundo ya kwetu na fanki ya Marekani, walitoa albamu moja tu, Ave Africa, mwaka 1976. Waulize wazee wa Tanga au Dodoma kama waliinunua. Wengi watakuuliza hao ni akina nani. Nakala ya awali ya albamu hiyo inauzwa kwa mamia ya euro.

Sisemi Sunburst hawakuwa wazuri. Ni wazuri mno, nawasikiliza. Ninachosema ni kwamba soko la huku hulipa zaidi kwa kile ambacho sisi hatukukinunua. Santuri iliyododa dukani River Road, Nairobi, mwaka 1976 ndiyo dhahabu ya leo, na iliyogombewa ndiyo ya bei poa. Kwa hiyo kijana wa kwetu anayesoma orodha za bei za Discogs, tovuti ya kuuzia santuri, na kuamua kwamba fulani ni mkubwa kuliko Mbaraka kwa sababu sahani yake ni ghali mara kumi, anasoma mizani isiyo ya muziki.

Mimi moyo wangu uko kwenye yale makasha ya bei poa. Hayo ndiyo ninayoyainamia kwanza nikifika kwenye soko la santuri, yale yaliyoandikwa "Afrika" kwa kalamu na kusukumwa chini ya meza. Humo ndimo walimo Simba Wanyika, bendi ya ndugu watatu wa Tanga, Wilson, George na William Peter Kinyonga, waliohamia Nairobi mwaka 1971 na kuiteka mji ule kwa Kiswahili cha kwetu. Humo mna santuri za taarabu zilizopigwa Mombasa, benga, na za Wakongo waliofanya Nairobi kuwa nyumbani. Nyingine zimeandikwa jina la mwenyewe kwa wino juu ya lebo, jina kamili pamoja na sanduku la posta, ili ikiazimwa irudi. Muuzaji huona jina lile ni dosari na kushusha bei. Kwangu ni sababu ya kuinunua.

Hali ya sahani huku ina madaraja yake, na kila daraja lina herufi. Kwa desturi ya wafanyabiashara, santuri iliyo karibu na mpya ikiwa na bei ya euro 40, yenye mikwaruzo midogo itapata kama 20, na iliyochakaa kidogo zaidi kama 10. Chini ya hapo haina mtu. Hapo ndipo zetu zinapoanguka, na sioni aibu kulisema. Santuri kwetu haikuwa kitu cha kuwekwa rafu. Mmoja akinunua, mtaa mzima ulisikiliza. Ilipigwa baa, ikaenda kwenye ngoma ya harusi, ikachezeshwa kwenye kinanda cha santuri cha betri chenye sindano nzito iliyobadilishwa kwa nadra, ikarudi bila jalada. Huku nimeingia kwenye nyumba ya mtu mwenye ukuta mzima wa sahani, kila moja ndani ya mfuko wa plastiki, na nyingine hajawahi kuziweka chini ya sindano hata mara moja. Anaishi peke yake, husikiliza kwa spika za masikioni ili jirani asilalamike. Nimemheshimu kwa utunzaji wake. Bila watu wa aina yake baadhi ya kazi za bendi zetu zisingekuwepo tena popote. Ila maisha ya sahani zile sikuyatamani.

Nyumbani wimbo bado unaishi kwa watu. Washa redio Jumapili kwenye kipindi cha zilipendwa, utasikia bodaboda wa miaka ishirini anaimba beti za bendi iliyovunjika kabla mama yake hajaolewa. Hilo Uholanzi hununui kwa bei yoyote, na kila nikirudi Tanga ndilo linalonifurahisha kwanza. Tulichokikosa ni chombo chenyewe, na kukikosa kwake kuna historia. Siti binti Saad ilibidi avuke bahari hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi kwa HMV, kampuni ya santuri ya Uingereza. Baadaye, siku za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi zilirekodiwa kwenye kanda za studio ya serikali, na kanda hizo zilikuwa za kurushwa hewani. Aliyetaka santuri aliitazama Nairobi, kwenye studio na viwanda. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa hadi 1983. Bendi zilizong'ara Dar miaka ile zikabaki na sahani chache mno, kisha kaseti za kunakiliwa zikatawala. Uhaba unaolipiwa leo na mkusanyaji wa Rotterdam ulitengenezwa na mambo hayo, na wanamuziki ndio walioubeba mabegani.

Na hapa ndipo ninapokasirika. Santuri ya zamani ikibadilisha mikono kwa euro 300, aliyeimba hapati kitu. Si kwa wizi. Sheria ya huku inamruhusu mwenye sahani kuiuza tena bila kudaiwa mrabaha wowote. Faida ni ya muuzaji, halafu ya muuzaji anayefuata. Pesa pekee inayoweza kurudi kwa msanii au kwa wajane na watoto wake ni ya toleo jipya lililoombewa haki kwa mkataba. Lebo ya Soundway ya London ilitoa mkusanyiko wa Kenya Special mwaka 2013. Buda ya Ufaransa ina mfululizo wa Zanzibara. Strut walitoa kazi zote za Sunburst za 1973 hadi 1976 mwaka 2016. Toleo la namna hiyo unalipata kwa bei ya kawaida ya sahani mpya, pamoja na kijitabu chenye picha na maelezo ya nani alipiga gitaa gani. Wakusanyaji wenye msimamo mkali huliita la pili. Mimi nalipendelea, na sitatoa euro 300 kwa nakala ya awali hata nikiwa nazo mfukoni. Nimeshabishana juu ya hili na wafanyabiashara wengi, na hakuna aliyenipa jibu zaidi ya kwamba karatasi ya zamani ina harufu yake.

Binamu yangu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Tanga: "Shikamoo kaka. Kuna mtu amekuja hapa, anataka zile santuri za marehemu baba. Anatoa elfu mbili kila moja, abebe kasha lote leo. Mama anasema muulize kwanza kaka yako." Namshukuru shangazi kwa neno hilo. Elfu mbili haifiki hata euro moja, na asiyetaka kuchagua, anayetaka kasha lote na leo hiihii, ameshaona humo sahani moja au mbili zitakazolipa nyingine zote. Nilimwomba binamu anipigie picha lebo, pande zote mbili. Nyingi zilikuwa zimekwisha kwa mikwaruzo. Huku zisingepata mnunuzi. Chache zilikuwa na thamani ya kweli, na mojawapo ilikuwa ya bendi ambayo shangazi hakumbuki kama iliwahi kupigwa nyumbani. Hiyo waliiuza, kwa bei waliyoijua. Za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zimebaki sebuleni, hazina bei ya kutisha na shangazi anazijua zote kwa moyo.

Wanunuzi wa aina hiyo wanapita Tanga, Mombasa, Kisumu, Morogoro, na si wote wabaya. Wapo wanaolipa vizuri, na pale Kenyatta Market Nairobi lipo duka la santuri la Mkenya mwenzetu ambalo watu wa huku huniulizia njia. Kwa hiyo kama una kasha chini ya kitanda, lifungue. Simamisha sahani wima, usizilaze moja juu ya nyingine, maana joto la pwani litazikunja. Futa ukungu kwa kitambaa laini na maji safi kidogo, bila kulowesha lebo. Piga picha lebo na namba iliyochongwa kwenye plastiki karibu nayo, kisha itafute kwenye Discogs, ambako bei za mauzo yaliyopita huonyeshwa. Au mtumie ndugu yeyote aliye nje akutafutie. Mambo hayo yote yanahitaji siku mbili. Mnunuzi akisema hawezi kusubiri siku mbili, mmiminie chai na umsindikize mlangoni.