Mzee, Hebu Zima Taa

Missile Command ya Atari, mashine ya mchezo wa video ya mwaka 1980, inakupa miji sita ya kulinda na mpira unaouzungusha kwa kiganja ili kuisogeza shabaha. Mashine niliyoitiwa ilikuwa imeamua kulinda mitatu tu. Uzungushe mpira kulia, uzungushe kushoto, shabaha ilikwenda kulia. Miji ya kushoto iliteketea mchezaji akitazama, mikono ikiwa imejaa jasho.

"Ubao wa saketi umekufa, fundi," mwenye mashine akatoa hukumu. "Tununue mwingine."

Taratibu, mzee. Chini ya mpira kuna rola mbili zilizokaa kwa pembe ya nyuzi 90, moja ya mlalo na moja ya wima, pamoja na beringi ya kuegemea. Mwisho wa kila rola kuna gurudumu dogo lenye nafasi, linazunguka katikati ya sensa mbili. Kila sensa ina taa ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, upande mmoja na fototransista, kijicho cha kuuhisi mwanga huo, upande wa pili. Nafasi ikipita, mwanga unapenya. Jino likipita, unakatika. Sensa moja inahesabu mwendo, nyingine inasema ni wa upande gani. Ikifa ya kuhesabu, shabaha inagoma kabisa. Ikifa ya upande, unapata kituko kama hiki.

Kipimo cha kwanza hakina gharama: zima umeme, halafu plagi ya mlalo ichomeke penye ya wima, na ya wima penye ya mlalo. Ugonjwa ukihama, mbovu ni sensa. Ukibaki palepale, hapo ndipo uushuku ubao. Nikabadilisha, nikawasha. Mzee akavuta mpira kushoto, shabaha ikapanda juu. Akavuta kulia, ikapanda juu.

"Sasa ndiyo umeimaliza!" Lakini hakuondoka kwenye kiti. Akaendelea kucheza hivyo hivyo, kichwa kakiinamisha pembeni.

Nilipoilegeza paneli nipime, akaja kunisaidia na taa ya mezani yenye balbu ya nyuzi. Hapo hata sensa zilizokuwa nzima zikafa. Akisogea nyuma, zinafufuka. Akiinama tena, kimya. "Hii mashine inaniogopa," akasema, na kusema kweli alionekana kufurahi kidogo.

Balbu ya nyuzi hutoa infraredi nyingi kuliko mwanga unaouona. Fototransista haitofautishi mwanga wa taa yake na wa taa ya mzee. Inaona nuru muda wote, jino lipite lisipite. Jua la dirishani hufanya vivyo hivyo. Humo ndani mulika kwa tochi ya LED.

Taa ya mzee ilipozimwa, mita ikaeleza yote. Kwenye plagi ya sensa volti 5 zilikuwepo. Zungusha gurudumu kwa kidole polepole: waya wa ishara unatakiwa kushuka chini ya volti 0.8 na kupanda juu ya 2, ukikaribia 5. Huu ulikaa palepale, haupandi haushuki. Kamera ya simu huiona infraredi kama mwanga wa zambarau, ila ijaribu kwanza kwenye rimoti ya TV, maana kamera za nyuma nyingi huichuja. Tumia ya mbele. Taa moja iling'aa, nyingine giza. Mguu wake ulikuwa na ufa kwenye solda, duara jembamba ambalo huonekana ukiinamisha kibao cha sensa. Nikaipasha moto, nikaongeza solda kidogo, nikasafisha sensa zote kwa pamba yenye spiriti. Vumbi peke yake linatosha kuleta ugonjwa huu, kwa hiyo usafi uanze kabla ya kununua sensa.

Nikarudisha plagi mahali pake. Kushoto ikawa kushoto. Mzee akakaa, akavuta mpira kushoto ili apande juu, na miji yote sita ikateketea.

"Fundi," akasema bila kugeuka, "zile plagi, nirudishie zilivyokuwa."