Msitume Masanduku ya Mbao, Tumeni Majembe Mafupi

Vikundi vyetu vya Wakenya huku Minnesota vikichangia bustani za shule za Nairobi, ili watoto wapate mazoezi, hakosi mtu wa kutuma picha ya masanduku ya mbao yaliyojaa udongo wa kupandia mboga na kusema tujenge hayo Kayole. Yanapendeza, sikatai. Ila yana sababu zake, na nyingi si za Nairobi.

Shule za mijini Marekani huinua udongo kwa kuwa ule wa chini mara nyingi una madini yenye sumu ya risasi (lead), yaliyotokana na rangi za nyumba za kabla ya 1978 na petroli ya zamani. Kenya nayo ilitumia petroli yenye risasi hadi 2006, kwa hiyo bustani isikaribiane na ua ulio kando ya barabara kubwa, na maji ya mtaro wa maji taka yasiguswe. Baada ya hapo, upande wa Dagoretti wenye udongo mwekundu jembe linatosha. Embakasi, ambako udongo mweusi hupasuka kiangazi na kutuamisha maji wakati wa masika, inueni matuta sentimita 30 na kuchimba mitaro katikati yake.

Kazi hiyo ya kuinua ndiyo mazoezi yenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli inayopandisha pumzi. Kudondosha mbegu kwenye sanduku hakumtoi mtoto jasho. Kulima, kubeba samadi na kugeuza mboji kunamtoa.

Tena hali ya hewa iko upande wetu. Minnesota baridi inaweza kuunguza miche hadi Mei, shule zinafungwa Juni, na mboga hukomaa watoto wakiwa likizoni. Nairobi, sukuma wiki iliyohamishwa mwanzo wa muhula huanza kuchumwa baada ya wiki 6 hadi 8, managu mapema zaidi. Halafu tunawafungia watoto darasani kudurusu!

Cha kuiga kutoka huku Minnesota ni kugawa watoto. Hamsini wakizunguka tuta moja, watano wanalima, waliobaki ni watazamaji. Fanyeni vikundi vitano: kulima, samadi, maji, mboji, palizi. Kipindi cha dakika 35 kinatosha: 5 za kutoa vifaa, dakika 5 kwa kila kazi vikundi vikibadilishana, na 5 za mwisho za kunawa na kurudisha majembe.

Jembe lenyewe ndilo huharibu mambo. Mtoto wa miaka 10 hushika mpini wa mtu mzima katikati, jembe linayumba, linaangukia vidole vya miguu. Kateni mpini ubaki kama sentimita 90, mchague jembe jepesi, na kati ya mlimaji na mlimaji pawe na mita 2. Wawili kwa jembe moja, wakipokezana. Na lisiwe adhabu ya wachelewaji. Anayelima kwa kuadhibiwa hulegeza mkono mwalimu akigeuka. Klabu za 4-K, yaani klabu za kilimo shuleni, zilizofufuliwa 2021 ni nzuri, lakini klabu huchukua wanaopenda, na wasiopenda kutoka jasho ndio tunaowatafuta.

Shule isiyo na kiwanja, kama nyingi za Mathare, itumie magunia: karai tatu za udongo kwa moja ya samadi, na nguzo ya kokoto katikati. Nguzo ikikatika, maji hubaki juu na miche ya chini hukauka. Gunia halina kulima, kwa hiyo jasho litoke kwenye maji.

Ndiyo maana, ukiacha majembe, mchango wetu ningeuweka kwenye tangi la lita 5,000 na mifereji ya paa. Paa la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 10, hutoa karibu lita 800 baada ya upotevu. Matuta ya mita 50 za mraba yakinyweshwa lita 5 kwa kila mita, ni lita 250 kwa siku. Kwa mitungi ya lita 5 hizo ni safari 50, yaani kila mtoto wa darasa safari moja. Tangi likae upande mmoja wa uwanja, bustani upande wa pili, ili safari yenyewe iwe mazoezi.