Rangi Haiuzi Sabuni

Kuna tabia moja ya biashara zetu hapa Nairobi inanikera sana, mtu anataka bidhaa yake ionekane tofauti sokoni halafu kitu ya kwanza anafanya ni kubadilisha rangi na kuweka logo inang'aa. Chukua sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Ingia duka lolote Umoja ama Kayole, rafu nzima ni kijani na njano, chupa ni zile zile na picha ya limau iko kwa kila moja. Sasa hebu ishike na mkono umelowa uone. Inateleza, ukiifinya kidogo inamwaga sabuni ya siku mbili, na kifuniko kikishakatika mama anahamishia sabuni kwa chupa ya maji ya kunywa, anatoboa kizibo na msumari, maisha yanaendelea. Si huyo mama ameshakuchorea dizaini yako bure? Lakini wewe uko busy unabishana na fundi wa lebo, kijani gani kinavutia.

Mfano mzuri tuko nao hapa hapa, ni vile tu tumeuzoea. Lile jiko la makaa lenye udongo ndani, juu pana, kiuno chembamba, chini pana tena. Lilikuja mwanzo wa miaka ya 1980, wazo likatoka kwa majiko ya ndoo ya Thailand likabadilishwa lifae hapa kwetu, na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo wakaanza kulifua. Jiko la zamani lilikuwa bati tupu, joto linapotelea kando, sasa udongo ukalishika, makaa yakapungua, na vile chini ni pana halipinduki ovyo unaposonga ugali (na ugali wa watu kumi ni vita, bana). Umbo limetoka kwa kazi, si kwa urembo, na bado ukiliona kwa mbali unalijua.

Najua mtasema ukibuni kitu kizuri watu watakopi kabla hujarudisha pesa yako. Kweli kabisa, hata hilo jiko lilikopiwa kila mahali. Unaweza kusajili umbo la bidhaa pale KIPI, ile taasisi ya serikali ya kusajili uvumbuzi na dizaini, unapata ulinzi wa miaka 5 na unaongeza mara 2, jumla 15, na ni vizuri ufanye hivyo, lakini cheti hakitakukimbizia kila kibanda Gikomba. Mimi naona afadhali uweke tofauti yako mahali hapaonekani kwa picha, kama udongo uliochomwa ukaiva ama kifuniko kinafunga kikafungika. Anayekopi huangalia sura tu.

Kwa hivyo kabla hujalipa mtu wa lebo, gawia majirani chupa kadhaa bila lebo wakaoshee vyombo, halafu rudi uwaulize ni nini kiliwaudhi. Usiwaulize kama imependeza. Watakuambia imependeza sana, na chai watakupikia.