Sensa ya taa imenifanya kichaa chooni

Jamani wadau, nani mwingine kafunga hizi sensa za taa za bei chee, zile zinazowasha taa zenyewe mtu akipita? Mi nilijiona nimeula, sasa niko chooni kwangu hapa Uyole, Mbeya, nimetulia zangu, dakika moja tu, paap, giza! Naanza kupunga mikono kama konda anayeita abiria wa Mwanjelwa, taa kimya. Napunga na mguu. Kimya! Eti yenyewe haioni mtu, inaona joto linalosogea, ukitulia we ni ukuta tu. Sasa na baridi hii ya Julai nimevaa sweta mbili, koti na kofia ya sufu, hilo joto italionea wapi?? Nivue nguo ndo niwashiwe taa?

Ila ile sensa ya sebuleni, paka wa jirani akikatiza saa nane usiku, loh, taa inawaka kama kuna harusi na sensa inanitumia ujumbe kwenye simu eti kuna mtu sebuleni. Mtu gani, ni nyau! Halafu juzi shemeji kaingia na gunia zima la viazi mpaka jikoni, sensa wala haikushtuka. Chooni nimerudisha swichi ya ukutani, hiyo ya sebuleni anayeitaka aje aibebe bure, betri nazo zimeshaisha.